Baba ana sukari, presha, na sasa figo: tufuate karatasi ipi?

*"Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 66, tunaishi Muheza. Ana kisukari mwaka wa 12 sasa, na presha. Anameza metfomini, glibenklamidi asubuhi na jioni, na losatani ya presha. Kliniki ya kwanza walitupa karatasi: aache sembe, ale dona, maharage kwa wingi, mboga za majani na parachichi. Miezi miwili iliyopita vipimo vilionyesha figo zimeanza kuchoka, tukapewa karatasi nyingine: aache maharage, mchicha, parachichi, machungwa na madafu. Mama hajui tena apike nini. Baba naye amekuwa mwoga, jioni anakula matonge mawili anasukuma sahani. Amekonda, kutoka kilo 61 hadi 54. Wiki iliyopita usiku alilowa jasho akawa anaongea maneno hayaeleweki, mama akadhani ni malaria, akampa chai akatulia. Vipimo vyake: HbA1c 6.1, uchujaji wa figo 41, potasiamu 4.6. Jirani anatuletea juisi ya mbirimbi na unga wa lishe, na kuna mtu mtandaoni anasema kisukari kinapona kwa chakula. Tufuate karatasi ipi? Na je, kulipa nauli na hela ya mtaalamu wa lishe kuna maana, au ndiyo tunaongezewa karatasi ya tatu?"*

Marahaba, dada yangu. Mimi si daktari, ni mtaalamu wa lishe tiba, na hiyo tofauti itakuwa na maana hapo mbele. Ila nakushukuru kwa kuandika namba za vipimo. Watu wengi huniandikia "ana sukari, ale nini?" nami nabaki kama fundi aliyeambiwa ashone suruali bila kupewa kiuno.

Kabla ya karatasi, tuanze na ule usiku.

Mtu anameza glibenklamidi jioni, anakula matonge mawili, usiku wa manane analowa jasho na kuongea ovyo, anapewa chai anatulia. Chai hiyo bila shaka ilikuwa na sukari. Malaria haitulizwi na kikombe cha chai. Kwa maelezo yako, sukari ya baba ilishuka, na bahati yenu mama alikuwa macho. Kwa umri wake, sukari kushuka usiku inaweza kumwangusha, inaweza kumletea degedege, inaweza kuusumbua moyo, na mara nyingine mtu haamki.

Glibenklamidi inasukuma kongosho litoe insulini, ile inayoshusha sukari, mtu awe amekula au hajala. Inakaa mwilini muda mrefu, na figo zikipungua nguvu inakaa zaidi. Baba amepunguza chakula kwa sababu ya woga, figo zimepungua nguvu, amekonda kilo saba, lakini kipimo cha dawa ni kilekile cha siku zile alipokuwa na kilo 61. Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha yake ya dawa muhimu, linaitaja gliklazidi kwa kundi hili la dawa na linasema wazi kwamba glibenklamidi haiwafai watu wa zaidi ya miaka 60. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya lishe ya baba yako haiko jikoni. Mpelekeni kwa daktari kesho, msisubiri tarehe ya kliniki. Mwambieni mambo matatu: usiku ule, kilo zilizopungua, na uchujaji wa figo 41. Aangalie glibenklamidi ibadilishwe au iondolewe, na pia kipimo cha metfomini, maana figo zikishuka chini ya 45 hupunguzwa, zikishuka chini ya 30 huachwa kabisa. Mimi sina mamlaka ya kugusa dawa yake, na nyinyi msiibadilishe kwa maneno yangu. Ila kuanzia leo, kama amekataa kula, hicho kidonge asikimeze mpaka mmeongea na daktari.

Ikitokea tena kabla hamjafika: mpimeni kama mna mashine. Ikiwa chini ya 3.9, au hamna mashine lakini dalili ni zilezile, apewe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari ya kweli. Msimpe karanga wala maziwa kwanza, vinachelewa. Subirini dakika 15, mpimeni tena, kama bado rudieni. Akishapanda, ale chakula. Kama hajitambui, msimmiminie kitu mdomoni, kimbizeni hospitali. Na kwa sababu dawa hii inaweza kuishusha tena baada ya saa kadhaa, hata akizinduka apelekwe aangaliwe.

Hiyo HbA1c ya 6.1 wengine wangeipigia makofi. Ni wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu, na 6.1 ni kama wastani wa 7.1 kwenye mashine yenu ya kidole. Lakini wastani unaficha mengi: ukila moto sana asubuhi na baridi sana usiku, wastani wake ni vuguvugu. Kwa mzee mwenye figo zinazochoka na dawa inayoweza kushusha sukari, wengi wetu tunaridhika na 7 hadi 8. Tena ugonjwa wa figo mara nyingi huja na upungufu wa damu, na damu ikipungua kipimo hiki kinaweza kudanganya. Kwa hiyo baba hajafaulu mtihani. Amepunguziwa chakula kuliko inavyotakiwa.

Haya, sasa karatasi.

Zote mbili ziko sahihi, ila si kwa baba yako. Ya kwanza iliandikwa kwa mgonjwa wa sukari mwenye figo nzima na tumbo la kupunguza. Ya pili iliandikwa kwa mgonjwa wa figo aliyefika mbali, mara nyingi yule wa kusafishwa damu, ambaye potasiamu imempanda. Baba amesimama katikati, na katikati hapo hapajachapwa karatasi.

Angalia potasiamu yake: 4.6. Kiwango cha kawaida ni kama 3.5 hadi 5.0. Sababu kubwa ya kumnyima mtu wa figo machungwa, parachichi, mchicha na madafu ni potasiamu kupanda, kwa sababu ikizidi inavuruga mapigo ya moyo. Yeye haijapanda. Kumnyima mzee wa Muheza machungwa wakati miti imeinama, kwa tatizo ambalo hana, ni kumwonea. Tena mboga na matunda yanamsaidia kwenye presha, tumbo na hamu ya kula. Mrudishieni mchicha. Mrudishieni chungwa, moja zima kwa wakati, si juisi: glasi moja ya juisi inamaliza machungwa matatu au manne, na makapi yaliyokuwa yanachelewesha sukari yamebaki kwenye kichujio. Dafu ndilo nitalibania, si kwa sababu ni sumu, ila glasi moja ina potasiamu ya kutosha na baba anameza losatani, dawa nzuri kwa figo lakini inayoelekea kuipandisha. Dafu la siku ya harusi sawa, la kila mchana hapana.

Kwa sababu ya hiyo losatani, potasiamu irudiwe kupimwa kila anapopima figo. Siku ikisoma 5.5 tutabadilisha wimbo: mboga zitakatwa ndogondogo, zichemshwe kwenye maji mengi na maji yamwagwe, mihogo na viazi vivyo hivyo, parachichi litapumzika. Na jambo moja leo hii: kuna chumvi zinauzwa madukani zimeandikwa ni za watu wa presha, nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu. Kwa mtu mwenye figo zake na dawa yake, hizo zisiingie ndani.

Chumvi yenyewe ndiyo ambayo ningeiandika kwa herufi kubwa. Presha ndiyo inayozimaliza figo za baba pamoja na sukari, na chumvi inaipandisha presha na kuipunguzia losatani nguvu. Lengo ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kwa vyakula vyote vya siku. Kwetu pwani chumvi haiko kwenye kidude cha mezani. Iko kwenye ng'onda na papa mkavu, kwenye dagaa waliochemshwa na chumvi, kwenye kile kiungo cha pakiti kinachomwagwa kwenye mchuzi, kwenye achari, kwenye mkate wa dukani. Ng'onda mkiwa nayo, iloweke usiku, mwaga maji, chemsha, mwaga tena, halafu ndiyo uiunge, na usiongeze chumvi. Bado itakuwa na chumvi, kwa hiyo iwe ya mara mojamoja. Ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili zinaziba pengo kuliko watu wanavyodhani. Ulimi huchukua wiki kadhaa kuzoea. Wiki mbili za kwanza baba atalalamika, mvumilieni.

Maharage. Hapa karatasi zimegombana kabisa, moja inasema kwa wingi, nyingine inasema aache. Twende kwa hesabu. Mtu wa figo za kiwango chake, ambaye hajaanza kusafishwa damu, tunampa protini kama gramu 0.8 kwa kila kilo. Lakini baba amekonda na ana miaka 66, kwa hiyo sitapiga hesabu kwa kilo 54 alizobaki nazo. Nitapiga kwa kilo 60 ninazotaka arudie: ni gramu 48 kwa siku. Yai moja lina gramu 6. Nusu kikombe cha maharage yaliyoiva kina 7 hivi. Kipande cha samaki kinacholingana na kiganja chake, bila vidole, kina kama 20. Glasi ya maziwa ina 8. Ugali na wali navyo vina protini, watu husahau: unga wa mahindi gramu 100 una kama 8. Ukijumlisha yai asubuhi, nusu kikombe cha maharage mchana, samaki usiku, na unga wa siku nzima, umeshafika pale pale. Kwa hiyo maharage yapo, nusu kikombe, yamelowekwa usiku na maji yamemwagwa. Hapana "kwa wingi", na hapana "aache". Siku ikiwa na nyama ya harusi, maharage yanapumzika. Mzee aliyekonda akinyimwa protini anamaliza misuli yake mwenyewe, na asiye na misuli ndiye anayeanguka chooni usiku.

Sasa dona na sembe, vita ya miaka yote. Gramu 100 za unga mkavu wa mahindi zina wanga kama gramu 75, iwe sembe iwe dona. Unga wa ulezi uko hapohapo. Wa muhogo umezidi kidogo na hauna protini ya maana. Dona ina faida zake: nyuzinyuzi zaidi, vitamini zaidi, na inashibisha haraka. Mimi mwenyewe nakula dona. Lakini nimeona wagonjwa wanaoamini ugali wa mtama "haupandishi", wakala mlima, sukari ikasoma 17, wakasema mashine imeharibika. Kinachoamua kwanza ni kiasi, halafu kilichoko pembeni ya ugali, halafu ndipo rangi ya unga.

Na kwa baba tatizo ni kinyume: kiasi kimekuwa kidogo mno. Ningemwanzishia wanga kama gramu 60 kwa kila mlo, milo mitatu, daktari akishatengeneza dawa. Gramu 60 za wanga ni gramu 80 za unga mkavu, zaidi kidogo ya nusu kikombe cha chai. Mama afanye hivi mara moja tu: apime unga huo, ausonge peke yake kwenye kisufuria, aupakue kwenye sahani ya baba. Wote muuangalie. Hilo ndilo bonge lake. Kesho yake hana haja ya kupima, jicho limeshajua. Utaona ni kubwa kuliko matonge mawili, na baba atashtuka. Ni hesabu ya kuanzia, si ya kufa nayo. Mashine ndiyo itatuambia.

Vipande vya kupimia ni ghali, najua, na kujichoma kila asubuhi pekee hakutuambii chakula gani kinamfaa. Bora siku mbili kwa wiki, mpime jozi: kabla ya kula na saa mbili baada ya tonge la kwanza. Jumanne mpime mbaazi za nazi na andazi. Ijumaa mpime mhogo wa kuchemsha na yai. Wiki ijayo uji, halafu wali wa nazi. Andikeni kwenye daftari la kawaida: tarehe, chakula, namba mbili. Sukari ikipanda kwa 2 au 3, chakula hicho ni chake. Ikipanda kwa 6, ama tupunguze kiasi ama tubadilishe kilichoandamana nacho. Nina wagonjwa wawili, mke na mume, wote wana kisukari, wanakula chungu kimoja. Wali unampaisha mume, mke haumgusi sana. Mke anapaishwa na uji, hata ukiwa hauna sukari. Sasa hapo karatasi ungeiandikaje? Jaribuni pia aanze na mboga na samaki, ugali aumalizie, na baada ya chakula atembee dakika kumi mpaka kwa jirani na kurudi. Havina gharama na namba huwa zinaonyesha.

Hapo ndipo ninapokujibu kuhusu nauli.

Ukiingia kwa mtaalamu akakupa fotokopi ndani ya dakika tano, hela yako imepotea, ni kweli, na nakuomba radhi kwa niaba ya fani. Nami nilizigawa nilipoanza kazi. Mama mmoja muuza vitumbua alirudi na karatasi yangu ameikunja vizuri kwenye kanga, akaniuliza kwa heshima, "Mwanangu, hili brokoli ni dawa gani, nimelikosa famasi zote." Tangu siku hiyo sijagawa tena.

Kikao cha kwanza cha kweli kinachukua kama saa nzima, na sehemu kubwa ni mimi kuuliza. Nauliza jana, si "huwa unakula nini", maana kwenye "huwa" kila mtu ni malaika. Jana uliamka saa ngapi, ukatia nini mdomoni kwanza, chai ilikuwa na vijiko vingapi, nani alipika, mlikula saa ngapi, dawa uliimeza kabla au baada. Mezani nina sahani ya bati, bakuli la unga, kikombe na vijiko, kwa sababu maneno ya vipimo yanadanganya. Mzee mmoja aliniambia asubuhi anakula mhogo kipande kimoja tu. Nikamwambia nionyeshe. Akaweka kidole kwenye kiwiko akanionyesha mpaka ncha ya vidole. Bibi mwingine alikuwa ameandikiwa mboga mara tatu na hali, wanawe wanamwita mkaidi. Nilimwomba afungue kinywa: magego yote yameisha. Kisamvu kilichotwangwa kikalainika kwenye tui jepesi alikila, matembele hakuwa na namna ya kuyatafuna. Baada ya maswali napima uzito, nashika mkono nione misuli, naangalia miguu kama imevimba, nasoma vipimo, na nampigia daktari kama dawa na chakula haviendi pamoja. Halafu tunachagua mambo mawili, yasizidi matatu, ya kubadilisha mpaka tukutane tena. Wiki nne hivi baadaye tunaangalia kilichowezekana. Cha pili ndicho watu hukikwepa, lakini kikao cha kwanza bila cha pili ni ushauri wa barazani tu.

Ukitaka namba: Chama cha Kisukari cha Marekani kinasema kwenye miongozo yake kwamba lishe tiba ya namna hii hushusha HbA1c kwa 0.3 hadi 2.0 kwa wenye kisukari aina ya pili. Hiyo ya juu ni sawa na kazi ya kidonge. Kwa baba hatutafuti kushusha, lakini ni ushahidi kwamba si maneno ya kuchangamshana.

Pa kumpata: ulizeni hospitali ya rufaa ya mkoa kama wana kitengo cha lishe wodini na siku za kliniki, wengi wanacho na watu hawaambiwi. Afisa lishe wa halmashauri kazi yake kubwa ni watoto na udumavu, lakini atakuelekeza kwa mwenzake. Wanaonisoma kutoka Kenya wana urahisi mmoja, kule tangu sheria ya 2007 wataalamu wa lishe wanasajiliwa na taasisi yao, KNDI, kwa hiyo unaweza kuuliza namba ya usajili bila kuona haya. Na popote ulipo, anayekuandikia unga kisha akakuuzia yeye mwenyewe, anayekwambia uache dawa siku ya kwanza, au asiyeuliza kuhusu figo, simama uondoke.

Mbirimbi: acheni leo. Kwenye achari kidogo pembeni ya wali sina ugomvi nayo, mbali na chumvi. Juisi ni jambo jingine. Mbirimbi zina oksaleti nyingi, ambayo ikizidi inajikusanya kwenye figo kama mchanga. Kerala, kusini mwa India, ambako nao huinywa wakiamini inashusha mafuta, madaktari wameandika habari za watu waliopata jeraha la ghafla la figo baada ya kunywa juisi yake. Baadhi yao hawakuwa na ugonjwa wa figo kabla. Baba anao. Jirani ana nia njema, mshukuruni, lakini hiyo juisi isimfikie mzee. Unga wa lishe wenyewe ni chakula tu, nafaka na karanga au soya. Kwa mtu aliyekonda uji wake unaweza kusaidia, mradi uhesabiwe kama mlo, usiwe nyongeza juu ya mlo, na usiitwe dawa.

Huyo wa mtandaoni hajatunga kila kitu. Kuna utafiti unaoitwa DiRECT, uliofanyika Scotland na Tyneside huko Uingereza, matokeo yake ya mwaka wa kwanza yakatoka 2017. Karibu nusu ya waliowekwa kwenye mpango wa kupunguza uzito, asilimia 46, walifikia sukari ya kawaida bila dawa. Lakini angalia waliochaguliwa: watu wanene, wenye kisukari kisichozidi miaka sita, wasiotumia insulini, na walifuatiliwa na wauguzi na wataalamu wa lishe hatua kwa hatua. Mwaka wa pili waliobaki hivyo walikuwa asilimia 36. Kilichowasaidia ni kupungua uzito mkubwa. Baba ana miaka 12 ya kisukari, figo 41, kilo 54. Kumpunguza uzito zaidi ni kumuua taratibu. Habari ileile, kwa kaka yako mwenye kitambi aliyegunduliwa mwaka jana, ingekuwa habari njema kweli, na yeye ningemwambia aje haraka.

Safari yenu ya kuja, mbebe hivi: mfuko wenye dawa zote, hata za miti shamba, majibu ya vipimo ya mwaka mzima, mashine na lile daftari. Kama vipimo vya mkojo vya protini havijafanyika, muombeni daktari. Na mama aje. Wagonjwa wengi huja na mtoto aliyesoma, ambaye haingii jikoni, tunapanga vizuri sana kisha hakuna kinachopikwa.

Na kwa sababu umesema mama hajui apike nini, jioni ya leo apike hivi. Unga wowote ulioko ndani, ule wa nusu kikombe na kidogo, ausonge. Samaki mbichi, kibua au changu, kipande cha kiganja, mchuzi wa nyanya na kitunguu, ndimu, tangawizi, tui jepesi la mkono mmoja, chumvi ya kubana kwa vidole viwili kwa sufuria nzima. Mchicha, nusu ya sahani. Baba ale saa ileile anayomeza kidonge, asimeze akaenda msikitini halafu ndiyo ale. Baadaye chungwa moja. Kabla hajalala mpimeni. Ikiwa chini ya 6, apate kikombe cha maziwa na kipande cha mkate, na mmoja wenu alale chumba cha jirani mlango wazi mpaka daktari atakapokuwa ameshughulikia ile dawa.